Ufa Nilioziba Mwenyewe

Sisi wanafunzi tumeandika insha nyingi juu ya methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," nami katika kidato cha kwanza nilipata alama nzuri kwa insha hiyo. Lakini maana yake sikuijua mpaka nilipoziba ufa kweli kweli, na ukuta nikaujenga vile vile. Kisa changu ni hiki.

Nyumbani kwetu ni Pangani, si mbali na mahali mto unapoingia baharini. Marehemu babu alituachia nyumba ya mawe na lango lenye nguzo mbili, kila moja urefu wake futi 7 na unene futi 2. Nguzo hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikamanishwa kwa chokaa na mchanga, bila saruji hata chembe.

Nilipokuwa kidato cha pili, katika likizo ya Juni, niliona ufa kwenye nguzo ya kushoto. Ulianzia chini ukapanda hadi penye bawaba, na kidole changu kiliingia ndani yake. Baba alikuwa safarini, nami nilitaka akirudi aone kwamba mwanawe amekuwa mtu mzima. Basi nilinunua saruji kidogo, nikaujaza ule ufa, nikaipiga lipu nguzo nzima, nikamalizia kwa kupaka chokaa nyeupe. Baba aliporudi alinisifu mbele ya wageni, nami nilivimba kichwa siku kadha wa kadha.

Mwaka uliofuata masika yalipita, na vuli ikapita. Siku moja ya Desemba, nikiwa nimerudi likizo tena, tulisikia kishindo nje. Tulipotoka mbio tulikuta mlango wa kushoto wa lango umeng'oka na bawaba zake na kuanguka chini. Mdogo wangu wa miaka sita alikuwa amesimama kando yake akilia, mguu umechubuka. Laiti angalikuwa hatua moja nyuma, leo ningeandika habari nyingine.

Baba alidhani mtoto alikuwa akibembea langoni, jambo alilomkataza mara nyingi. Mtoto aliapa kwamba hakugusa kitu, lakini nani angemsadiki? Fimbo ilikwisha kuletwa. Mimi nilitazama nguzo. Lipu yangu ilikuwa imebanduka bamba zima, na nyuma yake mawe yalikuwa maji maji, na chokaa ya babu imekuwa kama unga. Moyo ulinienda mbio. Nikasema, "Baba, si yeye. Ni mimi." Nikaeleza yote, tangu ufa hadi sifa nilizopewa.

Baba alinyamaza kitambo, kisha akaiweka fimbo chini. Akasema, "Likizo hii huna kazi nyingine. Kesho alfajiri nenda kamwamkie mwashi."

Mwashi wetu ni mzee sana, na chokaa ameikanda tangu ujana wake. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu, naye akaja na timazi yake mfukoni. Aliitundika kutoka juu ya nguzo, nasi tukaona kwamba nguzo imeinamia nje inchi 4. Kisha hakuitazama tena nguzo, bali alitazama paa la nyumba. Akanionyesha jinsi maji ya mvua yanavyoshuka kutoka paani, yakapita chini ya nguzo ile ile na kuuchukua mchanga kidogo kidogo.

"Mjukuu wangu," alisema, "huu ufa haukuwa ugonjwa. Nguzo ilikuwa inalia, nawe ukaiziba mdomo."

Tena alinieleza kwamba jiwe la matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na chokaa huyaacha yatoke nje polepole. Saruji ni ngumu, huyafungia ndani, hata chokaa ya zamani ikapoteza nguvu. Nilikumbuka kwamba hati ya kwanza ya saruji ya Portland alipewa Joseph Aspdin wa Uingereza mwaka 1824, na kuta za Kilwa Kisiwani, zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, zilisimama karne nyingi kabla ya hapo.

Kazi ilianza. Kila jiwe nililiandika nambari kwa mkaa kabla ya kulishusha, ili lirudi mahali pake. Tulichimba msingi futi 3 mpaka tukafika udongo mgumu, tukapanga mawe makubwa chini. Ili pembe ziwe sawa, mzee alitumia kamba yenye mafundo, akaivuta kwa sehemu 3, 4 na 5. Nikamwambia kwamba sisi shuleni tunaiita kanuni ya Pythagoras. Alicheka, akasema kwamba yeye anaiita kamba.

Tulichanganya chokaa kipimo 1 kwa mchanga vipimo 3. Alinionya nisiiguse kwa mikono mitupu wala kuikaribisha machoni, kwani huunguza. Kila safu tuliipima kwa timazi pande mbili, na ufito uliokatwa kwa kipimo cha upana wa lango tuliulaza kati ya nguzo mbili, chini, katikati na juu, ili zisikaribiane wala kuachana. Kwa siku hatukujenga zaidi ya safu mbili, kwani chokaa hukauka taratibu huku ikivuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa kama jiwe. Jioni niliifunika nguzo kwa magunia na kuyanyunyizia maji. Mdogo wangu alichukua kopo lake akanisaidia, wala hakunitajia habari ya fimbo hata siku moja. Jambo hilo lilinitia haya kuliko maneno yote ya baba.

Mwisho tulichimba mfereji wa kuyapeleka maji ya paani mbali na lango. Mzee alisema hiyo ndiyo kazi yenyewe, na nguzo ni malipo yake. Shule ilifunguliwa kabla chokaa haijakomaa, hivyo baba alitundika milango baadaye, mimi nisipokuwapo.

Juni iliyopita nilirudi nyumbani baada ya masika. Kabla ya kuingia ndani niliazima timazi ya mzee nikaitundika. Uzi ulisimama sambamba na jiwe toka juu hadi chini. Mdogo wangu alifunga komeo, nalo likaingia mahali pake bila kusukumwa.

Wenzangu, tukipata alama mbaya twaweza kuchana karatasi, na tukikosa twaweza kutafuta maneno mazuri ya kujitetea. Hiyo ni lipu juu ya ufa. Kwanza tutazame maji yanapita wapi. Tena kama mwingine yu karibu kupigwa kwa kosa letu, tuseme upesi, kabla fimbo haijainuliwa.