Jike la Mbwa Akiingia Kwenye Joto: Hesabu Siku, Usiangalie Damu Peke Yake

Ndugu mfugaji, nikipita vijijini hapa Bulongwa naulizwa sana habari za ng'ombe, nguruwe na kondoo. Habari za mbwa naulizwa mara chache, na mara nyingi ni baada ya jambo kuharibika. Mbwa huyu ndiye anayelinda zizi, duka na viazi vyako usiku wa baridi. Leo tumwangalie jike na joto lake.

Mwaka jana mama mmoja mfanyabiashara wa viazi aliniita akiwa na furaha. "Daktari, nimemfungia mbwa wangu siku kumi nzima. Sasa damu imekata, nimemfungulia." Nilimwambia, "Mama, mrudishe ndani leo hii." Tayari madume matano yalikuwa yanagombana nyuma ya nyumba. Baada ya wiki tisa alikuwa na watoto wa mbwa sita na hana wa kumpa.

Yule mama hakuwa mzembe. Alihesabu kama anavyohesabu kwa ng'ombe wake. Ng'ombe asiyeshika mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halizidi siku moja. Ukiona damu kwa ng'ombe, joto limeshapita. Kwa mbwa ni kinyume: damu ndiyo mwanzo.

Jike wengi hupata joto la kwanza wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 12, na mbwa wakubwa huchelewa zaidi. Baada ya hapo hurudia kila miezi 6 hivi. Joto huchukua takriban wiki tatu, na lina sehemu mbili za kuangalia:

1. Siku 9 hivi za kwanza. Uke unavimba na damu inatoka. Madume wanamfuata, lakini yeye anawakataa, anakaa chini au anawang'ata. Jike wengine hujilamba sana hata usione damu, kwa hiyo angalia uvimbe na madume wanaozunguka nyumba.

2. Siku 9 hivi zinazofuata. Damu inapungua, ute unakuwa mwepesi, rangi kama ya majani makavu. Sasa anasimama na kupeleka mkia pembeni. Hizi ndizo siku za kushika mimba, na ndizo siku ambazo wengi wanamfungulia.

Siku hizo hutofautiana kwa kila mbwa. Kwa hiyo andika kwenye kalenda siku uliyoona dalili ya kwanza, umfungie wiki tatu kamili, na usimtoe mpaka uvimbe uishe na madume waache kuja. Kumfunga kamba uani hakutoshi, maana dume atamfuata hapo hapo. Tumia banda lenye mlango au chumba cha stoo, na ukimtoa kujisaidia shika kamba mwenyewe. Wakinasana, usiwapige wala kuwamwagia maji ya moto. Waache, wataachana wenyewe. Jike akipandwa na madume kadhaa, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Kwa nini nasisitiza? Madume wanaogombania jike wanang'atana, na ugonjwa wa kichaa cha mbwa husambaa kwa mate. Wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa huu uzuiwe. Tukichanja leo, kisha kila nyumba ikapata watoto sita wasio na mwenyewe, kiwango kinashuka kabla ya chanjo ya mwaka unaofuata. Mtoto wa mbwa aliyetupwa barabarani ndiye huyo anayeokotwa na watoto wetu wakitoka shule. Mtu aking'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona.

Kuna wanaomchoma jike sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama. Acheni. Dawa za aina hiyo huongeza hatari ya usaha kwenye kizazi. Hata bila sindano, wiki chache baada ya joto ukiona jike anakunywa maji mengi, hali chakula na anatoa usaha, mwite daktari wa mifugo haraka. Huo ni ugonjwa wa kuua. Kama hutaki azae kabisa, njia ya uhakika ni upasuaji wa kumtoa kizazi, unaofanywa na daktari wa mifugo. Gharama yake ilinganishe na kulisha watoto sita kila baada ya miezi michache.

Kama unataka azae, chagua dume mwenye afya aliyechanjwa, na uhesabu siku 63 hivi tangu kupandwa. Watafutie wenyewe kabla hawajazaliwa, na wakifika miezi mitatu waleteni wachanjwe.