Gor yangu ya 1987

Wasomaji wa rika langu watakumbuka. Desemba 1987, baada ya sare ya 2-2 kule Tunis, Gor Mahia ilitoka 1-1 na Esperance pale Kasarani na kutwaa Kombe la Washindi Barani Afrika kwa mabao ya ugenini. Sauti ilinikauka siku tatu! Tulipokosa nauli, marehemu Leonard Mambo Mbotela alitupeleka uwanjani kwa redio.

Sasa kijana wangu anakariri kikosi kizima cha Arsenal, lakini kipa wa Gor hamjui. Simlaumu. Hata mimi matokeo huyapata kwa makanga, nikaendelea kungoja chenji yangu. Majuzi mama watoto aliigeuza jezi yangu ya kijani kuwa tambara la kupangusia meza. Niliiona, wala sikugomba.