Risasi ya Kale Miguuni pa Mlima Meru

Asubuhi moja hapa Arusha, mwanafunzi wangu alinitia mkononi risasi nene ya kijivu, aliyoiokota shambani kwa babu yake miguuni pa Mlima Meru.

"Maalim, hii ni ya zamani gani?"

Nikaipima: upana milimita 11, haikuvikwa shaba. Ndiyo ya Mauser ya mwaka 1871, bunduki yenye moshi mwingi. Wajerumani waliwapiga vita Wameru na Waarusha mwaka 1896, wakajenga Boma la Arusha mwaka 1900. Lakini askari wao wengi walikuwa wangali na bunduki hiyo walipopigana na Waingereza mwaka 1914, mwaka wa vita vya Longido. Basi risasi peke yake haitoshi kutaja mwaka. Ganda hueleza zaidi, kwani kitako chake mara nyingi hupigwa chapa ya kiwanda na mwaka. Na kifungo cha Kiingereza hujulikana kwa taji, maana umbo lake lilibadilishwa baada ya Malkia Elizabeth kutawala mwaka 1952.

"Ipo nyingine, Maalim, ina ganda lake. Nimeificha chini ya kitanda."

Moyo ulinishtuka. Risasi iliyo nzima yaweza kulipuka hata baada ya miaka mia. Tulikwenda upesi kwa babu yake. Hakuigusa, akawaita polisi.

Enyi vijana, kitu kama hicho msikiguse, wala msichimbe: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yataka kibali. Nendeni Bomani, ambapo sasa ni makumbusho, mkajifunze. Na mkumbuke kuwa kila risasi ilielekezwa kwa mtoto wa mtu.