Maboga ya Wale Watakaorudi

Ndugu wanafunzi, maboga tuliyopanda mwezi wa tatu nyuma ya jiko yameanza kukomaa. Wengine wanauliza: juu ya nini tusiyapike yote sasa? Njaa ya interna tunaijua sisi wote. Lakini tuangalie vizuri. Boga ambalo ukucha unaingia katika ganda lake halijakomaa, halitakaa. Yaliyokomaa tunayakata pamoja na vikonyo vyake, hatuyaoshi, tunayapanga juu ya mbao pahali pakavu, yasigusane. Yenye kidonda ndiyo tule kwanza, na maharagi; mbegu tukaange. Yaliyo mazima yangoje mwezi wa kenda. Sisi wa mwaka wa sita hatutakuwapo. Ni sawa tu: siku tulipofika hapa, tulikula maboga ya waliotutangulia.