Hema lina milango mingapi?

Mwaka 2022, mwezi wa tano, vijana wangu waliniomba kitu ambacho sikukitegemea. Kila Jumamosi tunakutana kwenye ukumbi mmoja huko Kinama, kaskazini mwa Bujumbura. Ni vijana 24, wa miaka 14 hadi 18. Karibu wote ni Wakongo: wa Uvira, wa Fizi, wa Minembwe, pamoja na Warundi wachache majirani zetu. Niliwauliza tufanye nini kwenye vakansi. Nilifikiri watasema mpira, au kompyuta. Mvulana mmoja akasimama, akasema: "Yaya, utupeleke ku milima, tukalale mu mahema."

Nikacheka. "Mahema? Wengine wenu mumezaliwa mu mahema!"

Wakacheka pia, lakini hawakubadilisha mawazo. Yule mvulana alikuwa ameona kwenye simu picha za Wazungu wamekaa mbele ya hema, wanakunywa chai, mlima uko nyuma yao. Aliniuliza swali ambalo nililala nalo: "Kwa nini wao wakilala mu hema ni raha, na sisi tukilala ni shida?"

Mimi nimekaa kambini miaka minne kabla ya kuja mjini. Najua joto la plastiki saa sita mchana, na najua sauti ya mvua juu yake, mpaka huwezi kusikia mtu aliye karibu yako anasema nini. Kutoka nje ya kambi kulihitaji karatasi. Lakini Kiswahili kina neno moja tu, kambi, kwa yule mtalii na kwa mimi. Yeye anapiga kambi, mimi niliwekwa kambini. Nikaona kijana huyu ana haki ya kulala kwenye kambi ambayo siku ya kuondoka ameipanga mwenyewe. Basi tukaanza kupanga.

Kwanza tulitaka Kibira, ule msitu wa kaskazini ulio juu ya mgongo wa milima inayogawa maji ya Kongo na maji ya Nile. Una ukubwa wa kilomita za mraba kama 400, na ndani yake kuna sokwe. Wazee wakakataa palepale. Msitu ule unaungana na Nyungwe ya Rwanda, na mambo ya usalama wake si ya kubahatisha na watoto wa watu. Hatukubishana.

Tukachagua Heha. Ndio mlima mrefu kuliko yote ya Burundi, unapita mita 2,600, wakati Bujumbura yetu hapa kando ya Tanganyika haifiki hata mita 800. Unatoka mjini kwa barabara ya Musaga, unapanda kona kwa kona mpaka Ijenda, kwenye nchi ya maziwa, viazi na ukungu. Niliwaambia: "Huko kuna baridi, mulete sweta na blanketi." Wakaniangalia tu. Bujumbura nani ana blanketi nzito? Wengi wetu tunalala na kitenge.

Mkurugenzi wa shule moja ya huko akakubali kutupa uwanja, na madarasa mawili kama mvua ikinyesha. Mahema sita tuliazima. Kila kijana angetoa faranga 6,000 kwa mara tatu, na asiye na pesa angeleta ndagala, mchele au makaa. Shida kubwa ilikuwa mafuta. Mwaka ule magari yalilala kwenye foleni za vituo. Dereva wa Hiace akaniambia: "Mimi niko tayari, mazutu ndiyo haiko tayari." Tukakubaliana tumlipe nusu mapema ili aanze kupanga foleni siku tatu kabla.

Nikaandika ubaoni: Ijumaa tarehe 12 hadi Jumapili tarehe 14 Agosti. Niliuliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyesema kitu. Msichana mmoja wa nyuma, wa miaka 15, aliinamisha kichwa akaanza kuchora kwenye daftari. Nilimwona. Nilifikiri ana usingizi.

Jumanne mama yake akafika kwangu. Nikampa kiti, nikampa maji. Akaulizia habari za nyumbani, za kazi, za mama yangu. Kisha akasema polepole: "Mwanangu, ile tarehe uliiangalia vizuri?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na mwili wote ukaniishia nguvu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu wenye silaha waliingia kwenye kambi ya mapito ya Gatumba, kwenye barabara hii hii ya kutoka Bujumbura kwenda mpaka wa Kongo. Wakimbizi waliokuwa wamelala mule, wengi wao Banyamulenge, walipigwa risasi na mahema yakachomwa moto. Waliokufa walipita 150, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Kila mwaka ndugu zao wanakutana kuwakumbuka. Mimi si Munyamulenge, kwetu ni Uvira. Tarehe hiyo nilikuwa naijua, kama mtu anavyojua msiba wa jirani. Siku ya kuandika ubaoni haikunijia kabisa.

Nikaomba msamaha. Nikasema tutabadilisha tarehe, na kama anataka, tutaacha mahema kabisa, tulale darasani. Alinyamaza muda mrefu. Sikuthubutu kumuuliza alimpoteza nani, naye hakusema.

Mwishoni akauliza: "Hayo mahema yenu yana milango mingapi?"

Nilikuwa sijawahi kuhesabu. Nikaenda chumbani, nikaleta moja, tukalifungua pamoja pale uani. Lilikuwa na mlango mmoja wa zipu. Akapiga magoti, akafunga ile zipu, akafungua, akafunga tena. Akajaribu kuifungua kwa haraka, ikakwama.

"Binti yangu anataka kuenda," akasema. "Miye sitamukataza. Lakini usiku isifungwe."

Tulisogeza safari mpaka tarehe 19. Jumamosi iliyofuata niliwaeleza vijana sababu, kwa sababu kuna Wabembe, Wafuliru na Warundi kwenye kundi letu ambao hawakuwa wanajua. Nilitetemeka kidogo. Mambo haya kwetu yanaweza kugawa ukumbi pande mbili. Yule wa picha za Wazungu akauliza kama tarehe 13 wanaweza kwenda na mwenzao kwenye maombi. Nikasema waulize yeye mwenyewe. Wakamuuliza. Walienda saba, na mimi wa nane.

Heha tulifika Ijumaa jioni, mazutu ikiwa ya kuhesabu. Walitaka sana kuona Kongo kutoka juu. Lakini Agosti ni kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba vilifunika ziwa lote, na milima ya kwetu hatukuiona hata kidogo. Walilalamika mpaka ugali ulipoiva.

Usiku nilisema anayetaka alale darasani, anayetaka alale hemani. Yule msichana akachagua hema la katikati. Nikapita na tochi kuangalia. Zipu yake ilikuwa wazi mpaka chini, na miguu ya wenzake wanne ilionekana imejikunja ndani ya vitenge. Nikaenda hema la pili: wazi. La tatu: wazi. Mimi nilikuwa nimeomba hilo kwa hema lake tu.

Nililala na wavulana kwenye hema la mwisho. Sijawahi kupata baridi ya namna ile, tangu nizaliwe. Saa tisa ya usiku mmoja wao meno yalikuwa yanagongana, akaniita: "Yaya, tufunge kidogo tu?"

Kabla sijajibu, mwenzake akamwambia: "Vumilia. Vaa soksi zangu."