MBIO ZA SIKU TATU, SEHEMU YA 3: Siku niliyolipita gari la mwanangu

Haya mama zangu, nimerudi. Samahani kwa kuwaweka roho juu, nilikuwa zamu ya usiku wiki nzima.

Kwa wageni: mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, Moshi, mama wa watoto wawili, na napenda baiskeli kuliko nipendavyo kulala. Mwezi wa sita niliingia mbio za siku tatu, sisi watu wa ridhaa tu, wenye kazi zetu na vitambi vyetu. Siku ya kwanza Moshi hadi Same, ya pili Same hadi Mombo, ya tatu Mombo kupanda Lushoto. Kitindamimba wangu alikuwa na miezi saba, ananyonya. Baba watoto aliendesha gari nyuma yetu, mama mkwe kakaa kiti cha nyuma na mjukuu wake. Sehemu iliyopita niliwaambia siku ya kwanza nilisimama Mwanga kunyonyesha, kundi likaniacha, nikafika Same wa tatu kutoka mwisho. Nililala nimechoka ila nina raha.

Leo ni siku ya pili. Hii sikutaka kuiandika, lakini niliahidi.

Ngoja niwaeleze kwanza habari ya upepo, maana bila hiyo hamtanielewa. Mwezi wa sita ni msimu wa kusi. Barabara ya Same kwenda Mombo inaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo upepo unakuja usoni, kilomita baada ya kilomita, milima ya Upare iko kushoto kwako na kulia ni tambarare isiyo na cha kukukinga. Ukiwa peke yako unakanyaga kama unasukuma ukuta. Ukijibana nyuma ya mgongo wa mwenzako, gurudumu lako karibu ligusane na lake, unaokoa karibu theluthi moja ya nguvu. Ndiyo maana watu wa baiskeli wanatembea kwa kundi kama kunguru. Wanapokezana kukaa mbele, wanakata upepo kwa zamu. Ukilikosa kundi, siku yako imeisha.

Mpango wetu na baba watoto ulikuwa wazi: gari lingenisubiri Hedaru, halafu Mkomazi. Mtoto anyonye, au akiwa amelala nikamue kwa ile pampu ya mkono, maziwa yaingie kwenye kiboksi cha barafu (kinafanana na kile cha chanjo, ila nilikinunua mwenyewe, msije mkaniripoti).

Tuliondoka Same saa 1 asubuhi. Mtoto alikuwa amenyonya saa 11 alfajiri. Tulikuwa wanawake watano kwenye mbio nzima, na mmoja wao, dada mwalimu kutoka Tanga, ana mgongo mpana kama mlango wa duka. Nikang'ang'ania nyuma yake. Makanya tukapita nikiwa ndani ya kundi la watu kama kumi na wawili, na jamani, raha yake! Kuna mlio fulani wa minyororo kumi na miwili ikizunguka pamoja, kama mvua ndogo kwenye bati. Hakuna anayekuita mama. Hakuna anayekuita nesi. Mtu anakuambia tu, "Dada, zamu yako," unaenda mbele, unakata upepo dakika mbili, unarudi nyuma.

Hedaru nikaliona gari letu kwa mbali. Mama mkwe amesimama pembeni, kamshika mtoto, kamfunika kanga kichwani. Matiti yalikuwa yameshaanza kujaa, nayahisi kila nikiinamia usukani. Nikapiga hesabu ya haraka: nikisimama dakika ishirini, kundi limekwenda, na nina zaidi ya kilomita 60 za ule ukuta, peke yangu.

Nikapunga mkono. Nikapiga kelele, "Mbele! Mbele!"

Nikapita.

Mkomazi nikapita tena. Safari hii sikumtazama mama mkwe. Maziwa yalikuwa yameshapenya kwenye jezi, madoa mawili, dada mwalimu akaona, akasema, "Mama, unavuja." Nikamjibu ni jasho.

Tulifika Mombo saa 7 mchana. Zaidi ya saa saba toka mtoto anyonye. Nilikuwa wa kumi na moja katika wote, wa pili kwa wanawake. Nilipiga picha, wengine mliiona humu mkaniwekea maua. Wakati napiga ile picha titi la kushoto lilikuwa gumu kama embe bichi.

Jioni nikaanza kutetemeka. Mombo mnaijua, si mahali pa kuhisi baridi. Nikajiambia ni jua. Nesi wa miaka kumi na moja, nikajiambia ni jua! Saa 3 usiku baba watoto akaniwekea kipimajoto bila kusema neno: 38.9. Upande wa nje wa titi kulikuwa na kipande chekundu, cha moto, ukikigusa machozi yanatoka.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, tuchemshe maji, tukukande, halafu tupitishe kitana." Nikamwambia taratibu, "Mama, asante, lakini siku hizi tunafanya vingine." Na hapa niseme na nyie pia, maana hata mimi nilifundishwa maji ya moto na kukanda kwa nguvu, na nimewakanda wengi. Mwongozo wa wataalamu wa unyonyeshaji uliotoka 2022 umegeuza mambo. Titi hilo limevimba ndani, ukilikanda kwa nguvu unaliumiza zaidi. Weka kitambaa cha baridi. Endelea kumnyonyesha mtoto kama kawaida, maziwa hayamdhuru, usimwachishe. Na usikamue kupita kiasi ukidhani unalimaliza, maana mwili utatengeneza mengine zaidi. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni inaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Homa isiposhuka ndani ya saa 24, au hali ikizidi kuwa mbaya, nenda kituoni, usisubiri usaha.

Basi nikameza ibuprofeni, mtoto akanyonya, nikaweka kitambaa. Nikalala nikipanga kwamba asubuhi nitapanda. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, kona juu ya kona, na ile milima ndiyo niliyoiota mwaka mzima, tangu nikiwa na mimba.

Saa 11 alfajiri: 39.1.

Nilivaa jezi hata hivyo. Baba watoto akakaa kitandani, akaniuliza swali moja: "Angekuwa mgonjwa wako ungemwambiaje?" Nilimjua jibu lake. Homa, maji yamepungua mwilini, saa mbili na zaidi za kupanda, na dawa ile ile ya maumivu ambayo mwili ukikaukiwa maji inaweza kuumiza figo. Ningemgombeza. Nikavua jezi, tukaenda kituo cha afya, daktari akanianzishia antibiotiki isiyozuia kunyonyesha.

Lushoto nilipanda kwa gari. Pale Soni mtoto akaamka, tukaegesha, nikamnyonyesha upande wenye maumivu, meno nimeyauma. Kundi likapita. Dada mwalimu alikuwa karibu na mwisho, mdomo wazi, hakuniona. Mama mkwe akashuka akampungia kanga, "Haya mwanangu, haya! Kaza!" Mpaka alipopotea kwenye kona.

Sasa ninachotaka kuwaambia kinahusu mama mmoja wa kliniki yetu. Anauza mboga sokoni. Mwaka jana alikuja na jipu la titi, na mimi nikamsema mbele ya wenzake: "Mama, kwa nini hukukamua? Dakika ishirini tu zinakushinda?" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Nesi, mteja akikuta umeondoka, amekwenda kwa mwenzako." Nikaona ni kisingizio. Nikaandika kwenye kadi, nikaita mwingine.

Kundi langu lilikuwa kundi la kujifurahisha, na bado sikusimama. Lake lilikuwa unga wa jioni.

Wiki mbili baadaye alileta mtoto kupima uzito. Nilimsogeza pembeni, nikamwomba radhi, nikamweleza yote, na Hedaru, na kupunga mkono. Halafu tukakaa tukauliza swali ambalo ningemuuliza toka mwanzo: saa ngapi wateja wanapungua, na nani anaweza kumshikia genge? Ikawa kati ya saa 4 na saa 5, na jirani yake wa nyanya.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akacheka. "Kumbe nesi na wewe una genge?"