Bandari ya Charleston na Watu Wasiotajwa Majina

Mji wa Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani, umekaa baina ya mito miwili inayoingia katika bahari ya Atlantiki. Katika karne ya 18 lilichapishwa hapa tangazo la mauzo: merikebu Bance Island imeleta watu wapatao 250 wenye siha, kutoka pwani ya mpunga ya Afrika Magharibi, nusu yao wamekwisha kuugua ndui kwao, basi mnunuzi asihofu. Idadi imetajwa na afya imetajwa. Jina la hata mmoja wa watu hao waliouzwa halimo.

Mwaka 1807 alishushwa katika bandari hii Omar ibn Said, mwanachuoni kutoka Futa Toro, Senegal ya leo. Mwaka 1831, akiwa bado mtumwa, aliandika maisha yake kwa Kiarabu, akatanguliza Surat al-Mulk, sura ya ufalme, ambao ni wa Mwenyezi Mungu peke yake.

Mahali palipokuwa Gati la Gadsden, walikoshushwa maelfu, pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2023. Mzazi atakayewasimulia wanawe tangazo lile, na awatajie pia Omar, aliyejiandika kwa jina lake.